Kabla hujauza lenzi za baba, pima milimita

Juma hili naomba tuzungumze habari za lenzi za kamera, hasa zile za zamani zilizolala kwenye makabati na masanduku ya bati tangu filamu ilipoacha kutumika kwa wingi. Najua baadhi yenu mtasema hayo ni mambo ya mafundi. Hapana. Ni mambo ya fedha, na fedha inapomtoka mtu mfukoni kwa sababu tu hakuelezwa, hilo linatuhusu sote.

Sababu ya kulichagua somo hili ni barua. Kijana mmoja wa Tanga, mpiga picha wa harusi na vipaimara, ameniandikia. Baada ya shikamoo nyingi, anaeleza kwamba marehemu baba yake alikuwa na studio ya picha enzi za filamu, akaacha lenzi tatu. Mbili ni za Nikon, moja ya milimita 50 na nyingine ya milimita 105. Ya tatu ni Helios ya milimita 58, iliyotoka kwenye kamera ya Kirusi aina ya Zenit. Kijana huyu amedunduliza fedha kwa miaka miwili ili anunue kamera ya kisasa, ile aina isiyokuwa na kioo ndani. Muuza duka mmoja amemwambia kwamba lenzi za baba yake haziwezi kamwe kufanya kazi kwenye kamera hizo mpya, na kwa huruma yake atamsaidia kuzinunua zote tatu kwa bei ambayo, kwa kweli, haitoshi hata kununulia begi la kamera. Mwenzetu anauliza, je, auze?

Jibu langu ni kwamba asiuze bado. Kwanza aijue namba moja, nayo ni ya milimita. Lakini ili tuelewane, hatuna budi kuanza mwanzo.

Wengi wetu tulipokuwa watoto tuliwahi kuchukua kioo cha kukuzia maandishi tukachoma karatasi kwa jua. Mtakumbuka kwamba karatasi haikuwaka hovyo hovyo. Ilibidi ukisogeze kile kioo juu na chini mpaka duara la mwanga liwe dogo kabisa, kama kichwa cha pini, ndipo moshi uanze. Ukikisogeza mbele au nyuma kidogo tu, duara linapanuka na moto unakufa. Maana yake ni kwamba kila kioo cha namna hiyo kina umbali wake, na hapo tu ndipo kinapokusanya mwanga sawasawa.

Lenzi ya kamera hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mahali pa karatasi palikuwa na filamu zamani, na leo pana sensa, yaani kile kibapa cha kielektroniki kinachopokea mwanga. Lenzi ikiwa mahali pake, picha inatoka kali. Ikiwa mbali au karibu kuliko inavyotakiwa, picha inakuwa na ukungu.

Sasa basi, kila mtengenezaji wa kamera huweka kwenye kamera yake mdomo, ile pete ya chuma ambamo lenzi huingia, ikazungushwa na kujifunga. Kutoka kwenye mdomo huo hadi kwenye filamu au sensa, mtengenezaji hupanga umbali maalumu, na lenzi zake zote hutengenezwa kwa kuufuata umbali huo. Katika mazungumzo haya tuuite umbali wa mdomo. Hiyo ndiyo namba ninayotaka tuijue.

Kamera za zamani zilizopendwa na studio nyingi zilikuwa na kioo cha kuakisi ndani yake, kilichoinamishwa mbele ya filamu, ili mpiga picha achungulie juu na kuona kile hasa ambacho lenzi inakiona. Akibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita, kisha kioo kinarudi. Ile sauti ya "klap" tuliyoizoea ilikuwa ni ya kioo hicho, pamoja na pazia lililo nyuma yake. Kioo kinahitaji nafasi ya kurukia, kwa hiyo umbali wa mdomo ulikuwa mrefu. Mdomo wa Nikon uitwao F, ulioanza mwaka 1959, una milimita 46.5. Mdomo wa kukaza kwa hesi uliotumiwa na Zenit, Praktica na Pentax za mwanzo, ambao mafundi huuita M42 kwa sababu upana wake ni milimita 42, una umbali wa milimita 45.46. Canon ya zamani yenye lenzi za FD ilikuwa na milimita 42, na ile ya EF iliyoanza mwaka 1987 ina milimita 44.

Kamera zisizo na kioo zilipokuja, nafasi ile haikuhitajika tena. Panasonic ilitoa ya kwanza ya namna hii yenye lenzi za kubadilisha mwaka 2008, na Sony ikafuata mwaka 2010 kwa mdomo wake uitwao E, wenye umbali wa milimita 18 tu. Fujifilm ilitoa mdomo wa X mwaka 2012, milimita 17.7. Nikon na Canon ziliingia na sensa kubwa mwaka 2018. Mdomo wa Nikon Z una milimita 16, na wa Canon RF una milimita 20.

Sasa wekeni namba hizo sambamba. Lenzi ya marehemu baba inataka kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa. Kamera mpya ya Sony inatoa milimita 18. Tofauti ni milimita 28.5. Ukipata bomba la chuma lenye unene wa milimita 28.5 kamili, upande mmoja lina mdomo wa Nikon na upande wa pili linaingia kwenye Sony, lenzi itakaa pale pale inapotaka kukaa. Bomba hilo ndilo adapta. Ndani yake hamna kioo wala waya. Ni hewa na chuma basi. Kwa kamera ya Nikon Z bomba hilo litakuwa la milimita 30.5, na kwa Canon RF milimita 26.5. Helios ya Zenit nayo kwenye Sony itahitaji milimita 27.46. Lenzi zote tatu, basi, zina mahali pa kwenda.

Kanuni ni rahisi kama ya fundi seremala. Kiti chenye mguu mfupi unaweza kukitilia kibao chini kikasimama sawasawa. Lakini mguu ukiwa mrefu kuliko inavyotakiwa, hakuna kibao kitakachoupunguza. Lenzi inayotaka umbali mrefu inaweza kufungwa kwenye kamera yenye umbali mfupi, kwa kuongeza adapta. Kinyume chake hakiwezekani. Ndiyo maana lenzi iliyotengenezwa kwa kamera mpya isiyo na kioo haiwezi kurudi kufanya kazi ipasavyo kwenye kamera ya zamani yenye kioo.

Kanuni hiyo iliwahi kuwaumiza watu wengi. Mwaka 1987 Canon ilipoacha mdomo wa FD na kuleta EF, waliokuwa na makabati ya lenzi za FD walijikuta wamekwama. Lenzi zao zilitaka milimita 42, na kamera mpya ilikuwa na milimita 44. Mguu ulikuwa mrefu kwa milimita 2. Mtasema milimita 2 ni nini? Hesabu yake ni hii: lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele milimita 2 kupita mahali pake, mwisho wa kuona kwake vizuri ni kama mita 1 na robo tu. Utapiga picha ya ua au ya sahani ya wali, lakini si ya bwana na bibi harusi wakiwa wamesimama mlangoni, sembuse mlima. Zilikuwapo adapta zilizotiwa vioo ndani ili kurekebisha kasoro hiyo, lakini kioo cha kuongezea, hasa kikiwa cha bei nafuu, hupunguza ubora wa picha. Kwa hiyo lenzi nzuri nyingi za FD ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Miaka 21 baadaye, kamera zisizo na kioo zilipoanza kutoka, lenzi hizo hizo zikafufuka, zikaanza kutafutwa, na bei zikapanda. Waliokuwa wameziuza hawakurudishiwa kitu. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Pamoja na hayo, nisingependa mtu atoke hapa akidhani kila adapta ni sawa na nyingine. Unene wake lazima uwe wa uhakika. Tuseme adapta imezidi unene kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi hivi. Lenzi ya milimita 50 itaona vizuri mwisho mita 25. Lenzi ya milimita 28, ambayo ni ya pembe pana, itakomea mita 8 hivi. Adapta ikiwa nyembamba kidogo hakuna hasara kubwa, kwani lenzi itapita tu ile alama ya mbali kabisa, ile iliyo kama namba nane iliyolala, na wewe utairudisha kidogo kwa mkono. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzifanya nyembamba kidogo kwa makusudi.

Namna ya kuipima adapta mbele ya muuzaji ni hii. Ifunge kwenye kamera pamoja na lenzi, fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, kisha elekeza kwenye kitu cha mbali sana, kwa mfano mnara wa simu ulio kilimani au meli iliyotia nanga nje ya bandari. Zungusha pete ya fokasi mpaka mwisho wake. Ikiwa mnara unakuwa mkali kabla ya mwisho au pale pale mwisho, adapta ni nzima. Ikiwa umefika mwisho na mnara bado una ukungu, mrudishie mwenyewe. Halafu ishike lenzi uitikise kidogo. Ikicheza cheza kama jino bovu, mrudishie pia.

Baada ya umbali, swali la pili ni la tundu la mwanga. Lenzi za zamani zina pete yenye namba kama 2, 2.8, 4, 5.6 na kuendelea, na ukiizungusha, tundu linafunguka au kujifunga. Pete hiyo ndiyo mkombozi wako, maana adapta ya bomba tupu haina njia ya kuiambia lenzi ifunge tundu. Lenzi za Nikon za marehemu baba, ikiwa zina pete hiyo, hazina tatizo. Helios nazo kadhalika, ila zipo zenye swichi ndogo yenye herufi A na M. Iwekeni kwenye M.

Tatizo liko kwenye lenzi za miaka ya baadaye. Lenzi za Nikon zenye herufi G hazina pete, kwa hiyo zinahitaji adapta yenye pete yake ya kusukuma kile kijiti cha ndani. Lenzi za Canon EF ni ngumu zaidi, kwa sababu tundu lake huendeshwa kwa umeme. Ukizitia kwenye bomba tupu zitabaki wazi, basi.

Hapo ndipo linapoingia swali la tatu, la umeme na mota. Zipo adapta zenye nyaya na vipande vya shaba vya kupitisha mawasiliano kati ya lenzi na kamera. Canon ilipotoa kamera zake za RF mwaka 2018 ilitoa na adapta ya namna hiyo kwa ajili ya lenzi za EF, nazo zinaendelea kujifokasi zenyewe kama zamani. Nikon nayo mwaka huo huo ilitoa adapta yake iitwayo FTZ. Lakini sikilizeni kwa makini: FTZ haina mota ndani. Lenzi za Nikon zenye mota yao wenyewe, kwa mfano zilizoandikwa AF-S, hujifokasi vizuri. Lenzi za zamani zaidi zilizotegemea bisibisi ndogo iliyomo kwenye mwili wa kamera, kama nyingi zilizoandikwa AF-D, zitafungwa na kupiga picha, lakini fokasi utaiweka kwa mkono.

Na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Kwa kawaida tunadhani kitu kipya ndicho chepesi kutumika popote. Kwa lenzi mambo ni kinyume. Lenzi ya mwaka 1975 ni chuma na vioo, na ukiizungusha vioo vinasogea kweli. Lenzi nyingi za kisasa pete yake ya fokasi haijaungana na kioo chochote. Ukiizungusha unatuma taarifa tu, na mota ndiyo inayosogeza. Bila umeme na bila lugha inayoeleweka, lenzi hiyo imekufa, hata kama umbali wake unafaa. Lenzi ya marehemu baba haihitaji ruhusa ya mtu.

Swali la nne ni ukubwa wa sensa. Lenzi za studio za zamani zilitengenezwa kwa filamu ya milimita 36 kwa 24. Ukiifunga kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa huo, utaona kile kile alichokiona mzee. Lakini kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo, na sensa ndogo hukata kingo za picha. Kwa sensa za aina ya APS-C za Sony, Nikon na Fujifilm, zidisha kwa 1.5. Milimita 50 itaona kama 75, Helios ya 58 kama 87, na ile ya 105 kama 157 hivi. Lenzi haijabadilika, ila utalazimika kurudi nyuma hatua kadhaa. Katika chumba kidogo cha studio, hatua hizo huenda zisiwepo kwa sababu ya ukuta. Zipo adapta zenye vioo ndani zinazoibana picha ili iingie kwenye sensa ndogo, na zile nzuri hufanya kazi vizuri, lakini bei yake inaweza kushinda ya lenzi zako zote.

Sasa nimjibu kijana wetu moja kwa moja. Ndugu yangu, lenzi zako tatu zinaingia kwenye kamera yoyote kati ya hizo mpya nilizozitaja. Kwa kila kamera utahitaji adapta mbili, moja ya Nikon F na nyingine ya M42, na adapta za bomba tupu bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na lenzi mpya. Ukishaifunga lenzi, nenda kwenye orodha ya mipangilio ya kamera uiruhusu ipige picha hata pasipo lenzi, maana yenyewe itadhani mdomo wake uko wazi. Kisha tafuta mahali panapotia rangi kwenye kingo za vitu vilivyo katika fokasi, na panapokuza picha kwenye skrini. Mambo hayo mawili mzee hakuwa nayo, na yatakufanya uweke fokasi kwa mkono kwa uhakika kuliko yeye. Kama kamera yako ina kituliza mtikisiko ndani ya mwili wake, iandikie urefu wa lenzi, 50, 58 au 105, ili ijue itulize kiasi gani.

Lakini usiende harusini na lenzi hizo peke yake. Bibi harusi anapoingia ukumbini anatembea, watu wanacheza, taa zinabadilika, na pete huvishwa mara moja tu. Mwenye shughuli aliyekulipa hatakubali kuambiwa kwamba ulikuwa bado unazungusha pete ya fokasi. Kwa hiyo katika fedha ulizodunduliza, hesabu kamera pamoja na lenzi moja mpya inayojifokasi yenyewe, hata kama ni ya kawaida. Hiyo ndiyo ya kukimbilia. Lenzi za mzee ziwe za picha za utulivu, yaani maharusi waliokaa, wazee wa familia, mtoto wa kipaimara na mshumaa wake. Ile ya 105 kwa picha ya uso ni mali, na ukitaka mpya ya kufanana nayo utaumia. Zile fedha ambazo ungelazimika kununulia lenzi ya nyuso, nunulia taa au betri ya akiba.

Kabla ya yote hayo, toa lenzi kwenye sanduku uzimulike kwa tochi, ukichungulia upande wa pili. Mwambao wetu una unyevu mwingi, na unyevu huzaa ukungu ndani ya lenzi, unaoonekana kama utando wa buibui juu ya kioo. Ukiwa mdogo na uko pembeni, picha haiathiriki sana, na fundi anayejua kazi anaweza kuusafisha. Ukiwa umetanda katikati na kula rangi ya kioo, hapo ndipo bei ya muuza duka inaweza kuwa na haki. Chunguza pia kama zile bapa za tundu zinafunguka bila kunata kwa mafuta. Lenzi yenye ukungu usiilaze pamoja na nzima. Zile nzima ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uzitoe mara kwa mara zipate hewa na mwanga.

Wengine wenye lenzi nyumbani nao waulize maswali hayo hayo manne: umbali wa mdomo ni milimita ngapi, tundu linaendeshwa na nini, fokasi inaendeshwa na nini, na sensa ina ukubwa gani. Yaandikeni kwenye karatasi, muende nayo dukani. Muuzaji anayejibu yote manne, fanyeni naye biashara. Yule anayesema tu kwamba za zamani hazifai, huku mkono wake umeshika lenzi yako kwa nguvu, mwombeni awarudishie.